Nani Alikaa Tezi?

Juzi nilifika Msasani na mzigo. Swahiba wangu tunayeishi naye Minneapolis, Marekani, alinipa viatu vya mama yake na miwani ya mzee. Nikaamkia, nikakaribishwa mkekani, na kabla chai haijapoa mama akaniuliza swali lake la miaka yote: "Mwanangu, huko nani anamwangalia?"

Nikamsimulia safari yetu ya mwezi wa nane. Kaskazini mwa Minnesota, mpakani na Kanada, kuna pori linaloitwa Boundary Waters, lenye maziwa zaidi ya 1,000. Sheria ya mwaka 1978 imezuia boti za injini katika sehemu kubwa ya maziwa hayo. Unapiga kafi mpaka ziwa linapoishia, kisha unajitwika mtumbwi mabegani, kichwa kikiwa ndani yake, unakatiza msituni hadi ziwa jingine.

Siku ya pili niliteleza kwenye jiwe, kifundo cha mguu kikavimba. Swahiba hakusema neno. Alipeleka mtumbwi, akarudia mizigo, safari ya tatu akaja kunikokota mimi, mbu wakimla na mikono haina nafasi ya kuwafukuza. Usiku akanikanda kwa maji ya moto, huku wale ndege weusi wenye madoa meupe wakilia ziwani kama wafiwa. Mjini tunapishana tu, yeye zamu ya usiku, mimi ya mchana. Pale kwenye moto ndipo aliponiambia kwamba kodi aliyonilipia mwezi niliopoteza kazi haikuwa akiba yake. Aliikopa.

Mama alifuta macho kwa ncha ya khanga. Nikamwambia ukweli: mama, anayeangaliwa ni mimi.

Nikaendelea kusimulia: kesho yake upepo ulitukuta katikati ya ziwa kubwa, mawimbi yakatupiga ubavuni, maji yakaingia. Mimi niliganda. Yeye akapaza sauti, "Piga kafi, usiache!" huku akielekeza omo, mbele ya mtumbwi, kwenye wimbi, taratibu, mpaka tukaingia kwenye kinga ya kisiwa.

Mzee, aliyevua kwa ngalawa tangu ujana wake, alikuwa kibarazani akishona wavu, kimya muda wote.

"Mtumbwi wenyewe una matengo ubavuni, kama ngalawa?"

"Hauna, baba."

"Na nani alikaa tezi, kule nyuma kuongoza?"

"Yeye."

Akauweka wavu chini, akavaa miwani mipya.

"Hebu nieleze tena. Hilo wimbi lilitokea upande gani?"