Msambu Usiozaa

Mwaka ambao wanunuzi wa mbegu za msambu, mti wa misitu ya milimani, walianza kufika kijijini kwetu, ukingoni mwa msitu wa Udzungwa upande wa Mufindi, wengi walidhani ni utani. Nani atoe hela kwa kitu ambacho panya buku wanajiokotea bure? Bibi peke yake hakushangaa. Enzi zake alizikausha mbegu hizo, akazitwanga, akazichemsha na kuengua mafuta, ambayo yakipoa huganda yenyewe, meupe. Sasa Wazungu nao waliyataka kwa siagi yao ya kupaka mkate. Mwaka 2007 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliyapitisha.

Likizo ile kazi yetu watoto ikawa kuokota. Tunda la msambu halichumwi, linasubiriwa lianguke, na ole wako likukute chini ya mti, maana linaweza kufika urefu wa sentimita 30 na uzito wa kilo kadhaa. Tuliyarundika, tukayafunika majani mpaka yalainike, ndipo tukayapasua. Ndani mbegu za kahawia zimepangana safu kwa safu, kila moja imezama kwenye ute unaoteleza. Kuutoa huo ute ndiyo shughuli. Unasugua kwa viganja, mbegu inachomoka na kurukia majanini, unaifuata, unasugua tena. Utomvu wa njano wa ganda unang'ang'ania kwenye kucha, sabuni ya mche haiuwezi. Nilirudi shuleni na kucha za njano, mwalimu wa zamu akaniuliza kama nimeanza kuvuta tumbaku.

Baba mkubwa alipoona hela ya mbegu akaanza kuikagua misambu yake, ile iliyobaki pale msitu ulipofyekwa kupisha chai. Mingine ilizaa. Mmoja, mkubwa kuliko yote, haujawahi kudondosha tunda tangu alirithi shamba. Akaelewana na wapasua mbao, akapokea kianzio.

Siku waliyokuja na msumeno ndiyo siku mnunuzi naye alikuja na mizani, akiwa na kijana mmoja aliyesomea misitu. Kijana akasimama akautazama mti.

"Kamwene, baba. Huu mnaukata?"

"Kamwene. Tasa huu."

Kijana hakujibu. Aliinama akaokota ua lililoanguka, akalibandua petali zake nene. Katikati kulikuwa na vifungu vitano vya stameni, yaani sehemu za kiume za ua, basi. Akaenda chini ya msambu mwingine, akarudi na ua lenye kijitunda kichanga katikati. Akaweka yote mawili kwenye kiganja cha baba mkubwa.

"Huu ni dume, mzee. Misambu iko kama mipapai, dume mbali, jike mbali."

"Mipapai dume mimi huwa nakata."

"Yote?"

Watu wakacheka. Baba mkubwa hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, akasema madume yamejaa msituni. Kijana akanyoosha mkono kuelekea chai, bonde zima la chai, akauliza nani atavuka yote hiyo kuleta chavua. Basi atapanda mwingine, akasema baba mkubwa. Kijana akamwambia mbegu ya msambu inaweza kukaa ardhini hata mwaka bila kuota, na ikiota anasubiri miaka mingi ichanue ndipo ajue kama kapata dume au jike.

Hapo ndipo nilipoelewa, kabla hata sijasoma kokote, kwa nini mti huu uko hatarini. Misambu ya Tanzania haioti kwa asili nchi nyingine yoyote. Iko kwenye misitu ya mvua ya milima ya Tao la Mashariki tu, Usambara, Uluguru, hadi huku kwetu Udzungwa, na misitu yenyewe imekatwakatwa vipande. Ndani ya hifadhi kuna sheria na askari. Shambani kuna mzee na hesabu zake, na kwa hesabu za mbegu za kilo, dume ni hasara. Sijui kama wanunuzi waliliona hilo walipopanga bei.

Bibi alikuwa kakaa kwenye gunia akisikiliza. "Rudisha hela ya watu," akasema.

Hela ilishaliwa. Ilikuwa imelipa ada, ya kwangu mojawapo, kwa hiyo nilinyamaza kabisa. Baada ya maneno mengi wapasua mbao wakakubali wapewe mkaratusi ulioko karibu na barabara. Mufindi mikaratusi haikosi. Ila wakadai nyongeza, kwamba mbao za mkaratusi zinapinda zikikauka. Baba mkubwa akawapa kuku wawili na akakataa kata kata kuwapa chakula cha mchana.