Prosesa au grafiksi kadi? Nilivyoamua kwenye mashine yangu ya kuediti harusi

Mimi naediti video za harusi na send-off hapa Mwanza, ofisi iko Nyamanoro, mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020 ile ya kusimama, prosesa i5-4590, ram GB 16 na grafiksi kadi GT 1030 ya GB 2. Kazi za Full HD ilikuwa inazimudu vizuri tu, shida imekuja wateja walivyoanza kutaka 4K, video inakwamakwama kwenye taimlaini (pale unapopanga klipu), ukisema urende, yaani utoe video iliyokamilika, DaVinci Resolve ninayoeditia inakata katikati inakwambia memori ya GPU, yaani ya grafiksi kadi, imejaa, huku bibi harusi anapiga simu anataka video yake. Na hela iliyokuwepo ni ya kitu kimoja, ama prosesa ama kadi.

Fundi mmoja mjini kaniambia "mdogo wangu weka i7-4790 umalize mchezo", yaani prosesa yenye nguvu zaidi ya yangu, mwingine kasema prosesa haina neno nibadili kadi, na wote wanaongea hata mashine hawajaiona ikifanya kazi. Nikaona nipime mwenyewe.

Kwanza nikaifungua nikapuliza vumbi na kubadili pesti ya prosesa, ile dawa ya kupitisha joto, maana joto likizidi prosesa inajipunguzia spidi yenyewe, ile spidi yake ya 3.3 GHz huioni tena, sasa hapo utapima nini? Baada ya hapo nikafungua Task Manager pembeni, ile ya Windows inayoonyesha mashine inavyotumika, unabonyeza Ctrl na Shift na Esc, nikacheza klipu ya 4K tupu haina rangi haina efekti. Prosesa 100%, kadi imetulia tu. Halafu nikachukua klipu ileile nikaweka rangi tabaka kadhaa na blur, nikarenda.

Hapa watu wengi wanapotea kwa hiyo nieleze vizuri. Ukienda kwenye GPU humo ndani ya Task Manager, zile grafu nne unazozikuta haziwezi kukuonyesha kila kitu, ya kwanza ni 3D, na Resolve kwenye kadi za Nvidia kama yangu inapiga kazi kupitia Cuda, njia ya Nvidia ya kuifanyisha kadi mahesabu, unaweza kuona 3D iko chini ukadhani kadi imekaa bure kumbe inalia. Bonyeza jina la grafu moja ubadilishe uweke Cuda. Mimi nilivyobadilisha ikapanda mpaka juu, na pale chini memori ya kadi ilikuwa imejaa GB 2 zote, sekunde chache renda ikakata.

Maana yake vyote viwili vinaelemewa ila kwa kazi tofauti, prosesa inashindwa kufungua klipu, kadi inashindwa rangi na efekti. Sasa lile la prosesa lina dawa ya bure, unatengeneza proksi, zile kopi nyepesi za klipu, unaediti nazo halafu kwenye kurenda inachukua orijino. Naziacha zinajitengeneza usiku, asubuhi taimlaini inateleza. La kadi nalo nilijaribu kushusha taimlaini iwe Full HD, kuediti ikawa afadhali lakini nikitaka kutoa 4K memori inajaa palepale. GB 2 ni GB 2, huziongezi kwa setingi.

Kingine kilichonifanya niachane na i7 ni kwamba kwenye ubao huu wa mashine (motherboard) ndo mwisho wa reli, soketi, pale prosesa inapokaa, ni ya prosesa za Intel za kizazi cha nne, na prosesa za kizazi hicho Microsoft haizikubali kwenye Windows 11 wakati Windows 10 imeshafungiwa sapoti Oktoba 2025. Hela ya i7 inafia humohumo. Kadi naichomoa naihamishia mashine nyingine.

Basi nikaangalia pawasaplai, yangu imeandikwa wati 290. Prosesa inakula mpaka 84, kwa hiyo nikataka kadi isiyozidi 75 na isiyo na waya wa ziada, inayokula umeme wa sloti peke yake. Kati ya nilizoziangalia zikabaki GTX 1050 Ti na GTX 1650, zote GB 4. Nikachukua 1650 kwa sababu Nvidia wameshaacha kutoa draiva mpya za kawaida (programu za kuiendesha kadi) kwa kadi za GTX 10 kama hiyo 1050 Ti, zimebaki za usalama tu. Ila kuwa makini, kuna GTX 1650 nyingine zina tundu la waya wa pini 6, ukiletewa hiyo na pawasaplai ya Dell haina waya huo imekula kwako. Ya kwangu ilitoka Kariakoo, nilimwambia muuzaji anipigie picha ubavu wa juu wa kadi kabla sijatuma hela, nikaipokea stendi ya Nyegezi.

Sasa hivi 4K inarenda mpaka mwisho bila kukata, na rangi naweka ninavyotaka. Klipu za orijino bila proksi bado zinakwama kama zamani, hilo nililijua kabla ya kununua na sina shida nalo. Kama wewe kazi yako ni kukatakata tu bila rangi wala efekti, au kadi yako tayari ina GB 4 na haijai, usiige hesabu yangu, kwako prosesa inaweza kuwa ndo ya kuanza nayo.