Ukirudi mwaka 1415, SMG iache nyumbani

Juzi umeme ulikatika dakika ya 60 ya mpira, tukabaki kijiweni gizani, na mnajua kijiwe kikiwa gizani huwa yanazuka mambo gani. Dogo mmoja akarusha swali: upewe nafasi urudi enzi zile za wafalme na mapanga, unaruhusiwa bunduki moja tu ya kisasa, unabeba ipi? Watu wote SMG, hii ya jamii ya AK-47. Hata muuza kahawa, SMG. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi, sie tunamuita Mjeda, yeye kimya, anakunywa kahawa yake. Mimi nikabisha lakini sikupewa nafasi, kila nikifungua mdomo mtu anaigiza mlio wa risasi, kwa hiyo namalizia hapa.

Kwanza ilibidi tuchague pa kwenda. Kuna aliyetaka Kilwa ya 1331, ile aliyofika Ibn Battuta, nikamwambia Kilwa mtu unaenda na kanzu, bunduki ya nini. Tukakubaliana vita vya Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 25 Oktoba 1415. Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza, jeshi lake kama watu 6,000 mpaka 9,000 hivi, wengi wapiga mishale, mbele yao Wafaransa waliovaa vyuma kuanzia kichwani mpaka miguuni, shamba limetoka kulimwa, mvua imenyesha usiku, tope sio la kitoto.

Haya, umetua hapo na SMG yako. Risasi moja ni gramu 16 hivi, kwa hiyo risasi 1,000 ni kilo 16 mgongoni, bunduki yenyewe bado. Na ile kitu ukiiachia inatema risasi 600 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe, kilo 16 zote zinaisha hata dakika mbili hazijafika (toa muda wa kubadili magazini), afu umebaki umeshika rungu la bei mbaya na bado kuna maelfu ya watu wamekasirika.

Dogo akasema tutatengeneza risasi nyingine hukohuko. Hapo ndo nilitaka kulia. Kile kichwa cha risasi sawa, madini ya risasi yapo tele, na shaba wanayo. Ila lile ganda litoke na kipimo kilekile, moja baada ya jingine, nani anakufulia? Baruti isiyo na moshi Wafaransa wenyewe wameipata 1884. Na ile fataki ndogo kwenye kitako cha risasi, ile inayogongwa, vitu vya namna hiyo vimeanza kutumika kwenye bunduki karne ya 19. Bila fataki huna risasi, una kipande cha shaba cha kuchezea. Na ukisema ujazie baruti yao nyeusi, masizi yake yataiziba SMG mapema sana.

Mwingine akadai hamna haja ya risasi nyingi, ukipiga moja tu watakimbia wakidhani mchawi. Wapi! Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Henry alikuwa anaubomoa mji wa Harfleur kwa mizinga, na kwenye vita vya Crécy, hukohuko Ufaransa, Waingereza walikuwa na mizinga tangu 1346. Baruti wanaijua, moshi wanaujua. Hawatakuita mchawi, watakuita fundi mizinga, na fundi mizinga mzuri haachiwi kurudi kwao.

Mjeda ndo akafungua mdomo. "Chukua Mark 4, ile Lee-Enfield ya Waingereza ya Vita vya Pili. Mwenye risasi chache apewe bunduki ya kuvuta komeo kwa mkono kila risasi, itamtia adabu." Dogo akalalamika hiyo sio ya kisasa, mzee hata hakumuangalia. Lakini fikiria, Mark 4 mikononi mwa askari aliyefundishwa inatoa risasi 15 za kulenga kwa dakika, na mpiga mishale wa Henry anatoa mishale 10 au 12. Mmekaribiana! Tofauti ni kwamba wewe unampata akiwa mbali ambako mshale wake haufiki, na bamba la chuma haliizuii risasi yako.

Hiyo ni kama unaenda wiki moja. Kama hurudi tena, mimi nabeba gobole, lile la gumegume, linalowashwa na cheche za jiwe. Mnacheka, ila chakula chake chote kipo 1415: baruti nyeusi ni shura (ile chumvichumvi) wanayokwangua kwenye udongo wa mazizi, kiberiti cha unga wa njano (salfa, sio njiti) kinauzwa, makaa yapo, mawe ya gumegume kaskazini mwa Ufaransa yamejaa. Babu yangu alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe pori, kulijaza alikuwa anachukua muda mpaka nguruwe anamaliza tuta, na mvua ikinyesha anasema sasa hili ni mpini. Kwa hiyo ukilipeleka Agincourt asubuhi ile ya baada ya mvua, mpiga mishale anakuacha mbali. Ila yeye kaanza kuvuta upinde tangu mtoto, zile pinde zilizotolewa kwenye Mary Rose, meli ya vita ya Waingereza iliyozama 1545, zinakadiriwa kutaka nguvu ya kilo 45 mpaka 80 kuzivuta. Gobole mtu unamfundisha wiki chache tu.

Begi langu basi: Mark 4 kilo 4, risasi 200 kama kilo 5, na nafasi iliyobaki yote ORS na vidonge vya kusafishia maji, kwa sababu pale Harfleur kuhara damu kuliwapukutisha Waingereza vibaya sana.

Jana muuza kahawa kaniuliza, kwani bro, huko unaenda kumpiga nani? Nikamwambia hata sijui, Wafaransa wanazama kwenye tope tayari na Waingereza wanaharisha. Akanimiminia kahawa, akanikumbusha mia mbili yake ya juzi.