Siku yangu na giaboksi zinazopiga teke

Saa 12:40 asubuhi
Nimefika gereji, Ubungo Kibangu, kabla ya vijana wangu. Kuna Carina Ti ya mwaka 1998 imelala hapa tangu jana na sitaki mtu mwingine aiwashe. Giaboksi ya oto ikiwa ya baridi inasema jambo moja, ikipata moto inasema jingine. Fundi anayeipima ikiwa imetoka barabarani tu amesikia nusu ya maelezo.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu. Jana alinieleza tatizo kwa mpangilio, kama anaandika ubaoni: ukiweka R ya kurudi nyuma gari inapiga teke, yaani inashtuka kwa nguvu, ukiweka D ya kwenda mbele inapiga tena, na ukishaondoka gia ya pili inachelewa, halafu inaingia kwa kishindo hadi abiria anatikisika shingo. Gereji aliyoanzia walimwambia giaboksi imekufa, anunue ya mtumba. Alikuwa ameshaanza kuulizia bei.

Nawasha. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda karibu na 1,500, nausubiri. Ukiweka D wakati injini bado iko juu namna hiyo, gari itashtuka hata kama giaboksi ni nzima. Baada ya dakika chache unatulia kwenye 750 hivi. Nakanyaga breki, naweka R. Teke. D. Teke. Basi sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, haihusiki, nalifuta hilo kwenye orodha.

Saa 1:30 asubuhi
Vijana wamefika. Amefika pia kaka mmoja wa IST anayebeba abiria wa simu. Gari yake inamrusha kila asubuhi tu, mchana haina neno. Namuuliza akiwasha anakaa muda gani kabla ya kuondoka. "Hata sikai, fundi, wateja wanaita." Tumesafisha throto, mlango wa hewa ya injini, ulikuwa na masizi meusi yanayoivuruga sailensi, na nimemwomba awe anasubiri mshale ushuke ndipo aweke gia. Dakika arobaini, kazi imekwisha.

Saa 2:30 asubuhi
Nimeipeleka Carina hadi Kimara na kurudi ili oili ipate moto. Sasa ndiyo napima. Injini inanguruma, gari iko tambarare, napitisha gia zote polepole kuanzia P mpaka L na kuirudisha P, kisha nachomoa kijiti cha kupimia oili. Kwa Toyota za namna hii ndivyo inavyopimwa, injini ikiwa inafanya kazi. Ukipima ikiwa imezimwa, kijiti kitakudanganya, utaona oili imezidi wakati imepungua. Nimewahi kuletewa gari iliyotolewa oili nzima kabisa kwa sababu hiyo.

Kiwango kiko sawa. Rangi ndiyo mbaya: kahawia, kama chai iliyochemka mara mbili. Naisugua kati ya vidole, nainusa. Haina harufu ya kuungua wala unga mweusi. Hapo nimepumua. Ingekuwa nyeusi na inanuka kama mkate ulioungua, maana yake pleti za ndani zinazoshika gia zimeshakwenda na ningekuwa najiandaa kumpa Mwalimu habari ngumu.

Saa 3:15 asubuhi
Nimemweka kijana pembeni ya boneti iliyofunguliwa, mimi niko ndani. Breki nimeikanyaga mpaka chini. D. R. D. R. "Umeona nini?" Anasema injini inaruka kama inataka kutoka. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mauntini ya nyuma, kishikizo cha injini kwenye bodi, imechanika, raba na chuma vimeachana. Injini ikipokea nguvu inalala upande mmoja, inagonga bodi, na dereva anaisikia kwenye kiti kama teke la giaboksi.

Nasema hili kwa uchungu, maana mwaka wangu wa pili kwenye kazi niliishusha giaboksi ya mtu, nikaifungua yote, nikabadilisha sili na pleti, nikairudisha, na gari ikaendelea kupiga vilevile. Ilikuwa mauntini. Yule mzee alinilipa na hakulalamika, na mpaka leo nikikumbuka uso wake sikai vizuri. Tangu siku hiyo hakuna giaboksi inayoshushwa hapa kabla mauntini zote nne hazijaangaliwa.

Saa 4:00 asubuhi
Lakini mauntini haielezi kwa nini gia ya pili inachelewa. Kwa hilo naenda kwenye kebo.

Carina hii, kama Corolla na Toyota nyingine nyingi za miaka ya tisini, ina kebo mbili kwenye throto. Moja inatoka kwenye pedeli. Ya pili inashuka hadi ndani ya giaboksi, na watu wengi hawajui kazi yake. Ndiyo inayoiambia giaboksi mguu wako umezama kiasi gani. Ukikanyaga sana, kebo inavutwa, presha ya oili inapanda ili pleti zishikane kwa nguvu zaidi, na gia zinachelewa kubadilika kwa sababu unataka mwendo. Ikikazwa kupita kiasi, giaboksi inadhani umekanyaga mafuta hata unapotembea taratibu kwenye foleni. Inabana pleti kwa nguvu zote na kuchelewesha gia. Hicho ndicho kishindo cha Mwalimu.

Kwenye waya kuna kidonge kidogo cha chuma. Pedeli ikikanyagwa mpaka mwisho, kidonge hicho kinatakiwa kiwe kwenye mdomo wa ala ya kebo, nafasi ya milimita 0 hadi 1. Kijana amekanyaga, mimi nimepima. Milimita 5. Nati zina alama za spana. Nimempigia Mwalimu kumuuliza kama kuna mtu aliigusa. Akakumbuka: mwaka jana kuna fundi aliyemwambia ataikaza kidogo "ili gari iwe nyepesi".

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Wapo wanaojua kuhusu kebo hii na wanaitumia vibaya upande wa pili: gari ikija inapiga teke kwa sababu yoyote ile, wanailegeza. Presha inashuka, gia zinaingia laini kama hariri, mteja anafurahi na kulipa. Ndani, pleti zinateleza kila gia inapoingia, zinapata moto, zinaungua. Baada ya wiki kadhaa gari inakanyagwa haiondoki. Kishindo kinamchosha dereva na kuitikisa gari, lakini ulaini wa uongo unaichoma giaboksi bila kelele. Mimi simuahidi mteja ulaini. Namuahidi kebo iko kwenye alama yake, na kama bado inapiga tutatafuta kwingine ndani ya giaboksi, kwenye vifaa vinavyoongoza presha ya oili: vavu zilizonata, springi za akumuleta, solenoidi.

Nimerudisha kidonge mahali pake na kukaza nati.

Saa 5:30 asubuhi
Gerezani, Kariakoo, kutafuta mauntini. Naenda mwenyewe. Ninabonyeza raba kwa kidole gumba, naangalia nyufa. Nimerudi pia na oili ya giaboksi aina ya Dexron na filta. Jua kali, na mwendokasi ulijaa.

Saa 7:45 mchana
Wali maharage umeliwa kwa kusimama, maana kuna dada amefika na X-Trail ya mwaka 2009. Inatetemeka ikiondoka. Nimesikitika mara tu nilipofungua nati ya sampo, beseni la oili chini ya giaboksi. Gari hii ni CVT, haina gia za kuchanganya; ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na oili yake ndiyo inayoufanya mkanda ung'ang'anie bila kula chuma. Nissan waliiwekea oili yao, NS-2. Iliyotoka ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, ATF ya kawaida kabisa, oili ya giaboksi za oto zenye gia. Mahali fulani mtu aliona "oto" akamimina oili ya oto.

Nilimweleza ukweli wote, sikumficha: tutaitoa, tutaweka sahihi, na tutairudia baada ya siku chache kwa sababu sehemu ya oili inabaki ndani, huwezi kuimwaga yote kwa mara moja. Kama puli zimeshachubuka, mtetemo hautaisha. "Kwa hiyo nisiifanye?" Nikamwambia aifanye, ila asimlipe mtu yeyote anayemhakikishia kwamba itapona, na mimi pia nisiwe huyo mtu. Alinyamaza muda mrefu. Ndiyo gari inayompeleka kazini na watoto shule.

Saa 9:30 alasiri
Carina imefungwa mauntini mpya, sampo imesafishwa. Sumaku za chini zilikuwa na tope laini la kijivu, ambalo ni la kawaida kwa umri wake. Vipande vya chuma hakuna. Oili iliyotoka ni karibu lita 3, na kiasi kama hicho kimebaki kwenye torki konveta, kiungo cha injini na giaboksi, kwa hiyo tutabadilisha tena.

Saa 10:20 jioni
Mwalimu amefika. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Imekubali?" Nimempa usukani yeye, mimi nikakaa kushoto. Tumeyapita makutano ya Kijazi, tukashika barabara ya Sam Nujoma, kisha tukapandisha kilima cha Chuo Kikuu, maana Dar ni tambarare na giaboksi inatakiwa ijaribiwe inapobeba mzigo.

Gia ya pili iliingia mapema. Ya tatu iliingia na mguso mdogo, nikauhisi kiunoni. Mwalimu hakuuhisi. Nilimwambia upo, na kwamba ningeweza kuuondoa kwa kulegeza kebo nusu milimita, ila sitafanya hivyo; tuuone baada ya oili ya pili. Alitembea kimya mpaka juu, akageuza, akaweka R mwenyewe, akaweka D, akaweka R tena. Akaniangalia akicheka.

Saa 12:15 jioni
Vijana wananawa mikono kwa sabuni ya unga. Mark II imeingizwa jioni hii, wanasema inapiga teke kutoka ya tatu kwenda ya nne. Nimeiegesha chini ya mwarobaini na ufunguo nimeutia mfukoni, ili kesho asubuhi niikute baridi.