Japan na mtoto anayezidiwa na kelele: tulivyopanga siku 10

Mpango wetu wa kwanza ulijengwa juu ya hofu moja tu, makutano ya Shibuya, njia panda ya Tokyo yenye umati mkubwa wa waenda kwa miguu. Tuliufuta. Mtoto wetu wa miaka 7, mwenye usonji, hazidiwi na Shibuya peke yake. Anazidiwa kwa sababu anafika pale akiwa tayari na soksi zinazomkera, joto la treni, mlio wa geti na harufu ya mgahawa. Mzigo unajaa kidogo kidogo. Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi ilikuwa kuondoa hivyo vidogo, na vilipopungua hata Shibuya iliwezekana: Jumapili asubuhi maduka yakiwa bado yamefungwa, dakika 15, basi.

Ubalozi wa Japan unataka ratiba ya siku kwa siku pamoja na maombi ya viza. Wengi huijaza haraka ili fomu zipokelewe. Sisi tuliifanya ndiyo ratiba ya mtoto: kila siku sehemu moja ya kwenda, kisha kurudi chumbani, na jioni bila mpango wowote. Nilichapa picha moja kwa kila hatua, nikazipanga kwenye daftari dogo analoweza kulishika mwenyewe. Picha ya hekalu haina haja ya kuwa nzuri. Muhimu zaidi ni picha ya geti la stesheni, ya choo, na ya mlango wa kutokea.

Tulikwenda mwanzoni mwa Desemba. Shule za kwetu Tanzania zimefungwa, za kwao bado zinaendelea. Kuanzia tarehe 28 hivi hadi Januari 3 nchi nzima inasafiri, kama ilivyo mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, na tena katikati ya Agosti. Julai na Agosti ningezikwepa hata bila msongamano: joto lina unyevu mzito, na nyenze kwenye miti ya mjini hulia kutwa kwa sauti inayoshinda ya magari.

Ila Desemba ina gharama yake kwa mtoto wa Dar, nayo ni nguo. Fulana ya ndani ya kubana, sweta, jaketi, glavu na soksi nzito ni vitu ambavyo ngozi yake haijawahi kuvizoea. Tulianza wiki 3 kabla, kiyoyozi kikiwa nyuzi 18, dakika 10 kwa siku, nguo moja moja. Lebo zote tulizikata na mshono wa lebo tukaufumua, kwa sababu kipande kinachobaki hukwaruza kuliko lebo yenyewe. Soksi zilikuwa zisizo na mshono vidoleni, viatu vya kubandika badala ya kamba, maana viatu huvuliwa mara nyingi. Halafu kuna kitu ambacho sikukiona kwenye kitabu chochote cha safari: wakati wa baridi treni za mjini zina vipasha joto chini ya viti, na hewa ya moto inampiga mtoto nyuma ya miguu. Jaketi livuliwe jukwaani kabla ya kupanda.

Kuhusu muda, sisi tuna bahati ya ajabu. Japan iko mbele yetu kwa saa 6, kwa hiyo saa ya mkononi iliyoachwa na muda wa Dar inasoma saa ya Tokyo kwa hesabu ya Kiswahili moja kwa moja. Mshale mfupi ukiwa kwenye 1, jioni ya Tokyo ni saa 1 usiku kweli. Mtoto aliachiwa saa yake bila kuguswa.

Usingizi ndio mgumu. Saa 3 usiku ya nyumbani ni saa 9 usiku Tokyo, na saa 1 asubuhi ya Tokyo mwili wake unaiona saa 7 usiku. Ushauri wa "tokeni mapema sana" unawafaa wanaotoka Marekani, ambao huamka alfajiri wenyewe. Sisi tulisogeza kulala mapema kwa dakika 15 kila siku kwa siku 8 kabla ya safari, tukapata saa 2. Zilizobaki tuliziacha zijirekebishe: siku 3 za kwanza hatukutoka kabla ya saa 5 asubuhi. Hilo lilitukwepesha pia msongamano wa treni wa saa 1:30 hadi 3:30. Hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, liko wazi saa zote na halina kiingilio. Tuliliweka siku ya 7, saa 1 asubuhi, na malango yake mekundu tuliyapita karibu peke yetu.

Jua la Desemba Tokyo huzama saa 10:30 jioni hivi. Karibu na muda huohuo, maeneo mengi hupiga wimbo wa watoto kwenye vipaza sauti vya mitaani. Giza na sauti vikija pamoja bila taarifa, mtoto anashtuka. Picha ya nguzo yenye spika iliingia kwenye daftari.

Hoteli tuliichagua upande wa Ueno, mtaa wa Tokyo, kwa sababu treni ya haraka ya Skyliner inatoka uwanja wa ndege wa Narita moja kwa moja, viti vyote ni vya kuhifadhi, na bustani iko jirani. Kwenye ramani ya picha za mitaa nilikagua njia nzima kutoka stesheni nikitafuta kumbi za pachinko, yaani mashine za kamari za Kijapani. Milango yake ikifunguka, kelele hutoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Kadi ya nauli ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 hutolewa dirishani kwa pasipoti, na getini hulia kama kifaranga. Salio likipungua, geti linajifunga kwa mlio mkali, kwa hiyo tuliweka yeni 2,000 na kuongeza kabla hazijashuka chini ya 500. Mabegi makubwa tuliyatuma kutoka mapokezi ya hoteli hadi Kyoto, yakafika kesho yake.

Kwenye Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ya Tokyo–Kyoto, mwendo wa saa 2 na robo, tulikata viti behewa la 11, lenye chumba kidogo cha matumizi mbalimbali. Kondakta hukifungua mgonjwa au mwenye ulemavu anapokihitaji, kama hakina mtu. Mweleze mtoto mapema kwamba treni mbili zikipishana kutatokea kishindo, na ndani ya mahandaki masikio yanaziba. Pipi ya kumung'unya inasaidia.

Vyoo vinavyomwaga maji vyenyewe vilimtisha kuliko treni. Dawa yake ni karatasi ndogo ya kunata juu ya kijicho cheusi kinachomwona mtu. Unaibandua mkiwa mmeshafungua mlango.

Kuna pia alama nyekundu ya kuning'iniza kwenye begi, yenye msalaba na moyo mweupe, iitwayo Help Mark. Ilianzishwa na serikali ya jiji la Tokyo mwaka 2012 na hutolewa bure kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi za Toei. Hairuhusu kuruka foleni, lakini watu wanakupisha kiti bila maswali. Nyuma yake tuliandika kwa Kijapani *kankaku kabin*, yaani hisi zinazozidi ukali.

Dawa zikaguliwe miezi kadhaa kabla. Zenye amfetamini haziingii Japan hata kwa barua ya daktari, na dawa za daktari zinazozidi matumizi ya mwezi 1 zinahitaji kibali kabla ya safari.

Mtoto akianza kuziba masikio na kuzungukazunguka, tunakuwa na dakika 5 hivi. Uwanja wa ndege wa Narita na wa Haneda vina vyumba vya kutulia. Mjini tulitumia vyumba vya karaoke. Hukodishwa kwa nusu saa, asubuhi huwa vitupu, na kuta zake zinazuia sauti. Omba chumba cha mwisho wa korido. Baba aingie kwanza azime skrini, apunguze sauti ya mashine hadi sifuri na taa hadi nusu, ndipo mtoto aingie. Na mtoke dakika 15 kabla ya muda kwisha, maana zikibaki 10 simu ya ukutani hulia kuwakumbusha.