Nilivyoifunza programu ya maziwa kuzimika bila kumeza kilo za mkulima

Kwenye kituo cha kupozea maziwa upande wa Njoro, malalamiko ya kilo hayaishi, na mara nyingi jibu liko kwenye mizani au kwenye kalamu ya karani. Haya niliyoletewa yalikuwa ya namna nyingine. Mkulima alikuwa na risiti mkononi, imetoka kwa kompyuta ileile, ina tarehe na kilo 14.5. Ukimtafuta ndani ya kompyuta, siku hiyo hakuleta hata kikombe. Na hakuwa peke yake. Waliokosekana walikuwa wamefuatana kwenye foleni, wote wamepimiwa muda mfupi kabla ya stima kupotea.

"Kijana wangu," mzee mmoja akaniambia, "ng'ombe nilimkamua mimi, mkebe niliubeba mimi, na karatasi ni yenu. Sasa maziwa yamenywewa na kompyuta?"

Ofisini walikuwa wameshamhukumu mshtakiwa: stima. Mvua ikishuka Mau, stima huenda na kurudi inavyotaka, kwa hiyo haikuwa dhana ya kijinga. Ila kompyuta ile ina betri ya akiba, na betri ikikaribia kuisha huiambia kompyuta ijizime mapema. Nilisoma kumbukumbu za mfumo za siku zile za malalamiko, na kila mara kompyuta ilikuwa imejizima kwa utaratibu kabisa, huduma moja baada ya nyingine. Haikukatwa ghafla. Data zilipotea katikati ya kuzimwa kwa adabu, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda kesi hii.

Programu yenyewe niliirithi. Imeandikwa kwa Python, inasoma uzito kutoka kwa mizani kupitia waya, inachapa risiti, inaandika mstari mmoja kwenye faili la zamu, kisha inamtumia mkulima ujumbe wa simu. Jioni karani anafunga zamu kwenye menyu, faili linafungwa, hesabu inapigwa.

Niliiendesha kwenye laptopu yangu na kuilisha kilo za uongo. Nikabonyeza Ctrl+C katikati ya zamu: mistari yote ipo. Nikaianzisha tena, safari hii nikaizima kutoka dirisha jingine kwa amri ya kill: mistari imekwenda. Programu ileile, faili lilelile, tofauti ni namna ya kuizima tu.

Ctrl+C hutuma ishara (taarifa fupi ambayo mfumo huipa programu inayoendeshwa) namba 2, SIGINT. Amri ya kill usipoipa namba hutuma 15, SIGTERM, na hiyo ndiyo mfumo hutumia unapozima huduma zake. Python ikianza huweka kipokezi chake cha SIGINT, yaani msimbo unaoendeshwa ishara hiyo ikifika, na kuigeuza kuwa hitilafu ya kawaida ndani ya programu, kwa hiyo programu inapata nafasi ya kufunga mafaili yake ikitoka. Kwa SIGTERM haiweki kitu. Isipokuwa na kipokezi, kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, hufuata desturi yake, na desturi ya SIGTERM ni kuumaliza mchakato, yaani programu inayoendeshwa, palepale. Hakuna kufunga faili, hakuna kumwaga bafa, ile sehemu ya kumbukumbu ambamo maandishi husubiri kabla ya kupelekwa kwenye faili. Bafa hiyo kwetu ilikuwa baiti 8192, na mstari wetu mmoja ulikuwa na herufi kama 40. Piga hesabu: wakulima wapatao 200 wanaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya mchakato, risiti wamepewa, na bado hakuna hata mmoja aliyefika kwenye diski.

Nilipowaeleza watu wa ofisi, walidhani ishara ni ujumbe unaosomwa kama SMS. Sivyo. Ni makanga kugonga bodi ya matatu: anagonga tu, hasemi kwa nini, na dereva anaitikia atakapoweza. Kerneli huwasha biti moja kwenye rekodi za mchakato, biti ya ishara ile, na mchakato huipokea unapotoka ndani ya kerneli kurudi kwenye msimbo wake. Ishara za kawaida hazipangi foleni. Ukituma SIGTERM tatu kabla ya ya kwanza kupokelewa, mchakato utaona moja. Mchakato unaweza kuweka kipokezi, kuipuuza ishara, au kuizuia kwa muda. Mbili tu hazikubali lolote kati ya hayo: SIGKILL, namba 9, na SIGSTOP, ambayo kwenye kompyuta nyingi za Linux ni 19.

Huhitaji kubahatisha mchakato fulani umejipanga vipi. Fungua faili la status ndani ya /proc, kwenye folda yenye namba ya mchakato huo. Wangu ulisema hivi:

SigIgn: 0000000001001000
SigCgt: 0000000000000002

Ni namba za msingi wa 16, na kila ishara ni biti moja, ya kwanza ikiwa ya mwisho kulia. Mstari wa pili unataja ishara zenye kipokezi: ile 2 ni biti ya pili, yaani SIGINT, basi. Mstari wa kwanza ni zinazopuuzwa: 1000 ni biti ya 13, SIGPIPE, na hiyo moja ya mbele ni ya 25, SIGXFSZ. Zote mbili Python huzipuuza yenyewe inapoanza. Biti ya 15 haipo popote. Baada ya kuweka kipokezi changu, mstari wa pili ukawa 0000000000004002, na ile 4 ndiyo SIGTERM. Napenda ushahidi wa namna hii, kwa sababu haujali mtu aliyeandika programu anasema nini.

Sasa kipokezi kifanye nini? Kishawishi ni kukitwika kazi yote: mwaga bafa, funga faili, piga hesabu, tuma ujumbe, toka. Nilikataa. Ishara inaweza kuingia wakati wowote, hata programu ikiwa katikati ya kuandika kwenye faili lilelile unalotaka kulifunga. Kwenye C ni hatari kabisa, maana hata printf (ya kuchapa maandishi) na malloc (ya kuomba kumbukumbu) si salama ndani ya kipokezi: ikiwa programu ilikatizwa ndani ya malloc, na kipokezi nacho kikaiita malloc, unaweza kukwama daima ukisubiri kufuli uliyoishika mwenyewe. Python ni afadhali kwa sababu kipokezi huendeshwa kwenye uzi mkuu, katikati ya hatua moja na nyingine za msimbo, ila nayo ukiandika kwenye bafa ambayo tayari inaandikwa inaweza kukurushia hitilafu ya reentrant call. Kipokezi changu kina mstari mmoja wa maana: kinageuza kigezo simama kuwa kweli. Mzunguko mkuu ndio unaokitazama kigezo hicho kila ukimaliza mkulima mmoja, na ukikikuta ni kweli unafunga zamu vizuri.

Nikajaribu. Nikatuma SIGTERM, programu ikakaa kimya. Nikaweka uzito mpya kwenye mizani ya majaribio, papo hapo ikajizima vizuri. Yaani ilikuwa imepokea ishara, ila ilikuwa imelala ikisubiri mizani iseme kitu. Zamani, mwito wa kusoma ukikatizwa na ishara ulirudi na kosa la EINTR, na programu ikaamka. Tangu Python 3.5, ya mwaka 2015, ikiwa kipokezi hakirushi hitilafu, Python huurudia mwito wenyewe kimyakimya. Ni uamuzi mzuri kwa watu wengi, kwa sababu zamani programu zilianguka ovyo kwa EINTR. Kwangu ulimaanisha kwamba foleni ikiisha, hakuna wa kuamsha mzunguko. Dawa ilikuwa rahisi: kusoma mizani kwa kikomo cha sekunde moja. Sekunde ikipita bila uzito, mzunguko unatazama kigezo na kurudi kusubiri. Kuna njia za kifahari zaidi, kama signalfd ya Linux inayokupa ishara kama data za kusomwa kwenye faili, lakini kwa kituo cha maziwa sekunde moja inatosha sana.

Nilipopeleka kazi Njoro, haikufanya kazi. Programu kule inaendeshwa ndani ya kontena ya Docker, yaani sanduku linaloitenga na programu nyingine za kompyuta. Nilisimamisha kontena, ikachukua sekunde kumi kamili, na orodha ya kontena ikaandika Exited (137).

Ukikutana na 137, toa 128. Inabaki 9. Programu iliuawa kwa nguvu. Ingekuwa imekufa kwa SIGTERM ungeona 143, na ingejizima yenyewe vizuri ungeona 0. Zile sekunde kumi nazo ni ushahidi: Docker hutuma SIGTERM, husubiri sekunde kumi, kisha hutuma SIGKILL. Kwa hiyo kipokezi changu kilikuwepo, ishara ilitumwa, na havikukutana.

Niliorodhesha michakato ndani ya kontena. Namba 1 ilikuwa sh, yaani sheli, programu inayosoma na kutekeleza amri. Aliyeitengeneza alianzisha kila kitu kwa skripti fupi: mstari wa kuweka kasi ya waya wa mizani, mistari ya mazingira, na mwisho mstari wa kuita Python. Sheli ikabaki baba, Python ikawa mtoto. Docker humtumia ishara namba 1 peke yake, na sheli haimpelekei mtoto wake. Isitoshe, kerneli humlinda namba 1: ishara ambayo hakuiwekea kipokezi haimfikii, hata ile ya kuua kama SIGTERM, isipokuwa SIGKILL inayotoka nje ya kontena. Sheli ilikuwa imekaa pale haisikii, na Python nyuma yake haijui kwamba kuna aliyegonga. Halafu sekunde ya kumi inafika, namba 1 anauawa kwa 9, na kerneli inaondoka na kila mchakato uliomo ndani ya kontena.

Marekebisho ni neno moja. Mbele ya mstari wa mwisho wa skripti niliongeza exec. Sheli haizai mtoto tena, inajigeuza yenyewe kuwa Python kwa namba ileile ya mchakato. Python ikawa namba 1, ina kipokezi chake, na kontena ikaanza kufungwa ndani ya sekunde moja au mbili ikiandika Exited (0). Uangalifu mmoja: exec hufuta vipokezi vyote vilivyowekwa kabla yake, lakini ishara zilizokuwa zikipuuzwa hubaki zikipuuzwa. Kama skripti yako ina mstari wa kupuuza ishara fulani, programu mpya itaurithi upuuzaji huo.

Mwenzangu mmoja wa Kisumu, fundi mzuri kuliko mimi kwenye hifadhidata, aliniuliza kwa nini nilijisumbua hivyo badala ya kumwaga bafa kila mstari. Ana hoja, na nililifanya hilo pia. Mstari ukishakabidhiwa kerneli, hata SIGKILL haiupotezi, na ukiita fsync unafika kwenye diski hata stima ikikatika kweli. Lakini kumwaga bafa hakufungi zamu. Programu ikifa kati ya kuandika mstari na kutuma ujumbe, mkulima hapati SMS na kesho yupo mlangoni. Jumla ya zamu nayo haiandikwi, na dereva wa lori la maziwa hawezi kuondoka bila jumla. Mambo hayo yanahitaji programu ijue kwamba inaondoka, na ya kuijulisha ni ishara.

Kipokezi cha pili nilikiongeza kwa raha yangu. Bei ya kilo ikibadilika, zamani ilibidi programu izimwe na kuwashwa upya, foleni ikinung'unika. Sasa SIGHUP huifanya isome upya faili la bei. Ishara hiyo ilianza kama taarifa kwamba laini ya simu ya terminali imekatika, lakini programu zinazoishi nyuma ya pazia hazina terminali, kwa hiyo imekuwa desturi ya zamani kuitumia kwa kusoma mipangilio upya. Nginx hufanya hivyo hivyo.

Tabia ya watu ilikuwa ngumu kuliko msimbo. Kijana anayeshughulikia kompyuta za kituo alifundishwa na mtandao kwamba dawa ya kila kitu ni kill -9, na kila programu ikichelewa kidogo alikuwa anaipiga nayo. Nimemwandikia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: kwanza 15, subiri, tazama hali ya mchakato, ndipo uamue. Kutazama hali kuna maana yake. Siku moja alinipigia akisema hata 9 imeshindwa. Safu ya hali ilikuwa na herufi D: mchakato wa kunakili data kwenda diski ya nje ya USB ulikuwa ndani ya kerneli ukisubiri diski ijibu, na katika hali hiyo hata SIGKILL husubiri. Kumtumia namba nyingine hakungesaidia. Nilimwambia achomoe diski, kerneli ikarudisha kosa la kuandika, na ile 9 iliyokuwa ikingoja ikafanya kazi yake. Waya wa diski ile tumeshaubadilisha.