Ini langu na zamu ya usiku

Nauza mafuta kwenye kituo kimoja Uyole, Mbeya, magari ya Tunduma yanapopita, na kwa miaka mingi zamu yangu ni ya usiku. Pombe sinywi. Homa ya ini nilishapimwa, sina. Kwa hiyo altrasaundi ilipoonyesha ini lina mafuta, nilidhani wamechanganya majibu. Daktari aliniuliza nakula nini, kisha akauliza nakula saa ngapi.

Saa nane usiku, chipsi mayai na soda. Asiyejua baridi ya Uyole mwezi wa sita asinicheke.

Alinieleza kwamba ubongo una saa yake, inayorekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Ini nalo lina yake, ila lenyewe hufuata zaidi muda wa chakula. Mwaka 2000 watafiti wa Geneva waliwalisha panya mchana tu, muda ambao panya hupumzika. Saa ya ini ikageuka kufuata chakula, ya ubongo ikabaki palepale. Kwa binadamu, insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, haifanyi kazi vizuri usiku kama asubuhi, kwa hiyo soda yangu ya saa nane ilikuwa inaukuta mwili haujajiandaa.

Kazi sikuacha, watoto wanasoma. Nilichohamisha ni mlo. Ugali, maharage na mboga nakula jioni kabla sijatoka. Usiku ni chai ya tangawizi bila sukari. Mwanzoni njaa ilinitesa hasa, na mama lishe wetu akawa ananiuliza, "Kaka, nimekukosea nini?" Asubuhi nakunywa uji kidogo, nalala, dirishani nimetundika blanketi zito. Nikiamka natoka nje kupalilia. Hata siku ya ukungu, mwanga wa nje unaipita mbali taa ya sebuleni. Huo ndio ulionirudishia usingizi.

Kipimo kilichofuata kilionyesha mafuta yamepungua. Lakini na kilo zilipungua, maana soda niliiacha, na daktari anasema kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito kunalisaidia ini sana, saa za kula ziwe zozote. Kipi kilifanya kazi zaidi, siwezi kuapa. Mwenzangu wa zamu anashikilia ni soda tu.

Zamu ya mchana nimeshaiomba. Meneja anasema nisubiri mpaka apatikane mtu wa kushika usiku.